Kelele za Baba

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la kutengeneza simu, na kila anayelikalia anajua kuwa upande wa kulia unabonyea. Bi Kahawa huwasha jiko lake mbele ya benchi hilo kila alasiri, na wateja wake wa kudumu huanza kutua kabla maji hayajachemka. Kuna Dokta, mwenye duka, ambaye wagonjwa wake wote ni simu. Kuna Spika, anayekodisha maspika ya sherehe na kuongea kana kwamba kila mtu amekaa ng'ambo ya barabara. Halafu kuna Waya, mwanamuziki wa chumbani, aliyepata jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya shingoni au mfukoni. Siku hiyo Waya alikuja na laptopu kwapani, akakaa upande unaobonyea bila kugombana na mtu, na wenzake wakajua hapo hapo kwamba kuna jambo.

— Hata salamu hakuna? Spika akauliza. Au kisanduku kipya kimekupandisha cheo?

Kisanduku kipya ndicho kilichokuwa habari ya kijiwe tangu kifike. Ni kile kidude cha mezani ambacho unachomeka maiki na gitaa upande mmoja, kompyuta upande mwingine, na sauti inaingia ikarekodiwa. Cha zamani kilikuwa na mvumo wake, shshsh, kama mafuta yaliyopata moto. Hiki kipya kimya kabisa, na kilikuja na programu ya kusafisha sauti. Waya alikuwa amekisifu mpaka Bi Kahawa, ambaye hata redio hana, akawa anajua vitufe vyake. Leo hakutaka hata kusikia kikitajwa.

— Nimeharibu, jamani, akasema. Nimemfuta baba.

Bi Kahawa akaacha kupepea jiko.

— Umemfuta vipi? Dokta akauliza. Si juzi tu ulitusikilizisha hapa? Gitaa la mzee lilikuwa linalia utadhani amekaa nasi.

— Gitaa lipo. Maneno yake ndiyo hayapo.

Ikabidi aeleze. Mzee, kabla hajafariki, alikuwa akienda chumbani kwa mwanawe jioni jioni kupiga nyimbo zake zirekodiwe. Vidole vilikuwa bado vizima lakini pumzi ilikwisha kupungua, kwa hiyo baada ya kila wimbo alipumzika, na akipumzika alikuwa akiongea, polepole, kwa sauti ya chini. Waya hakuwa akizima mashine. Maongezi yote yaliingia, pamoja na ule mvumo, pamoja na kikohozi na kiti kilichokuwa kikilia. Basi kisanduku kipya kilipofika, kazi ya kwanza aliyokipa ilikuwa hiyo: kusafisha nyimbo za baba. Alibonyeza mara moja, programu ikapita kwenye rekodi zote, ikanyamazisha kila sauti iliyo chini ya kiwango fulani. Mvumo ukaondoka. Sauti ya mzee, kwa kuwa ilikuwa ndogo, nayo ikahesabiwa kelele.

— Na zile za mwanzo? Dokta akauliza.

— Nilihifadhi mpya juu ya za mwanzo. Diski ilikuwa imejaa.

— Lo! Yaani umefua shati ukatupa na mfuko uliokuwa na pesa.

— Dokta, mwache, Bi Kahawa akasema. Huoni mwenzio alivyo?

Waya alikuwa anaona haya, na haya hizo zilikuwa zimemkaa kifuani tangu asubuhi. Dada yake mdogo, ambaye nyumbani humwita Kitinda mpaka leo ingawa ana watoto wake, alikuwa akifanya kazi mbali na hakuwahi mazishi. Alikuwa amemwandikia kaka yake kabla ya kupanda basi: gitaa nitalisikia siku nyingine, kwanza nataka pale baba anapoongea. Waya akaifungua rekodi ya kwanza, akaenda wimbo ulipoishia, akakuta kimya kitupu, akaizima hapo hapo. Hakuwa na moyo wa kujaribu nyingine. Kitinda alikuwa anafika leo, tena alikwisha kupiga simu kwamba yupo njiani kutoka kituoni.

— Sikiliza, Dokta akasema, akijiweka sawa. Kitu kikifutwa hakiondoki. Kinajificha kwenye diski. Mimi nimeshatoa picha za harusi kwenye simu iliyoanguka chooni.

— Nimesharekodi vitu vingine juu yake. Tangazo la duka la viatu, na wale vijana watatu wanaoimba.

— Basi hapo baba yako ameingia chini ya viatu.

— Tatizo lenu mnatafuta kwenye kompyuta, Spika akanguruma. Sauti inakaa kwenye spika, bwana! Ile karatasi ya ndani ikishatikiswa haisahau. Nilinunua spika kuukuu kwenye ukumbi wa mikutano, kila nikiiwasha kwanza inakohoa kama mwenyekiti.

— Hiyo ni spika mbovu.

— Mbovu kwako. Mimi nakohoa nayo miaka yote.

— Na mimi je? Bi Kahawa akasema, akimimina kahawa. Huko chumbani si umebandika trei za mayai ukuta mzima, eti zinyonye sauti? Sasa unauliza sauti imekwenda wapi? Zimenyonya! Kazibandue uzikung'ute taratibu.

Siku nyingine Waya angecheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili akaangalia barabara, upande wa kituo.

— Hapana, hapana, Dokta akarudi, maana hakupenda kushindwa na trei. Nimeelewa. Programu hiyo si inatumia intaneti? Basi haifuti. Inahamisha! Wenye programu wanazo kelele za dunia nzima, wameziweka ghalani. Vikohozi, mafeni, mbwa wa jirani, vyote. Tunawaandikia: tafadhalini, kuna mzee wetu mmoja amechanganyika na mizigo yenu.

— Na anwani tutaandika nini? Spika akauliza, sasa kwa makini.

— Tutaandika kwamba ana sauti ya chini na kiti kinacholia.

Wakacheka, kisha wakaona Waya hacheki, wakaacha. Wote walimjua yule mzee. Spika ndiye aliyembebea gitaa siku miguu ilipoanza kumsumbua.

— Kilichoniuma zaidi, Waya akasema taratibu, ni kwamba siku zote nilikuwa nayaona yale maneno. Kwenye skrini wimbo unakuwa mnene, halafu katikati kuna vijimstari vyembamba. Nikisikiliza nilikuwa naruka, naenda kwenye wimbo. Nikasema hivyo nitavishughulikia nikipata chombo kizuri.

Hapo ndipo Kitinda alipotokea, ameburuta begi la magurudumu, na kaka yake akainuka kabla hajajua atasema nini. Wakakumbatiana wakakaa hivyo kitambo. Bi Kahawa akafuta sehemu ya benchi kwa khanga yake, ile isiyobonyea.

— Shikamooni, Kitinda akawaambia wote.

— Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole na msiba.

— Nimeshapoa, mama. Kaka, iko wapi?

Waya akamwambia ukweli wote, haraka, bila kumwangalia. Mvumo, kitufe, diski. Spika alitaka kuongezea habari za karatasi ya spika, Bi Kahawa akamkanyaga mguu. Kitinda alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na Waya alitamani apige.

— Niwekee hivyo hivyo, akasema.

— Hakuna kitu, Kitinda. Kuna gitaa tu.

— Niwekee.

Waya akafungua laptopu, akamvalisha hedifoni. Kutoka pale alipokaa, Waya aliweza kuona wimbo ukipita kwenye skrini, mnene, na uso wa dada yake ukilegea. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Wimbo ukaisha. Waya akanyoosha mkono ili aruke kimya kilichofuata aende wimbo wa pili, kwa mazoea tu, na Kitinda akamzuia mkono. Akasikiliza kimya. Akasikiliza sana. Kisha akakunja uso.

— Kaka, mbona wewe upo?

Akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikatoka kwenye laptopu yenyewe. Kijiwe kizima kikainama. Hapakuwa na kitu, si mvumo, si kiti. Halafu sauti ya Waya ikasikika, safi, kubwa, ya mtu aliyekaa karibu na maiki:

— Ndiyo, baba.

Kimya tena, kirefu.

— Ndiyo, baba. Nimekuelewa.

Kimya. Mara hii kikaendelea mpaka Dokta akadhani rekodi imekwisha.

— Sawa. Nitamwambia.

Na gitaa likaanza upya, zuri, limesafishwa likasafishika. Kitinda akalisimamisha.

— Utamwambia nani? Mimi?

Waya akaendelea kuangalia skrini.

— Alisema nini, kaka? Sitaki sauti tena, basi. Niambie wewe kwa mdomo wako. Alikwambia nini?

Dokta akaangalia viatu vyake. Spika alishika kikombe kitupu akakipeleka mdomoni. Waya alifumba macho akamtafuta mzee. Alimwona vizuri kabisa, na sweta lake, na gitaa limelala mapajani, na kichwa kimegeukia dirishani. Aliona na midomo ikicheza. Alijaribu kukumbuka neno hata moja, hata jina la mtu, akakosa.

— Sijui, Kitinda, akasema. Nilikuwa namngoja amalize kuongea, apige gitaa.