Mchango wa Bariyeri

Siku hiyo mjinga alikuwa Astère, na mwenyewe hakatai. Yeye ndiye mkuu wa chama cha wenye nyumba wa mtaa mmoja wa Musaga. Ndani ya basi ya kurudi nyumbani akaona ni vizuri amwaibishe, mbele za watu, jirani asiyelipa mchango wa zamu, yule mlinzi anayefungua na kufunga bariyeri, kizuizi cha njia ya kuingia mtaani.

"Mama Assia, pesa ya zamu wa bariyeri ni we tu umebakia! Usipolipa, kesho hakufungulii njia."

"Mi sina gari, Prezida. Napita pembeni na kikapu yangu."

"Na wezi? Zamu halindi magari tu!"

Abiria wakageuka. Mama Assia akatabasamu. "Yule mwizi aliyeruka ukuta wako juzi, nani alimuona?"

Astère akakohoa. "Ni we."

"Nani alipiga yowe mpaka mtaa wote ukatoka na fimbo?"

"Ni we, mama." Sauti inayotikisa mikutano ilikuwa sasa ya mtoto wa katekisimu.

"Na zamu?"

"Tulimukuta amelala." Hapo, moyoni, akamvulia kofia.

Basi ikasimama. Mama Assia akashuka, akanyoosha mkono dirishani. "Basi, Prezida, mchango wangu wa kulinda mtaa mutaniletea lini?"