Sista Mong'ina na Wamama Wasiolia

Sista Filister Mong'ina amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika wadi yetu ya wazazi hapa Suna, Migori, na tarehe 30 Juni 1998 anastaafu. Mimi nimefagia wadi hiyo miaka ishirini na miwili. Katika kijitabu hiki cha kumuaga, waliosoma wamepewa ukurasa wa vyeti vyake. Mimi nimepewa huu, na asinikate mtu maneno.

Ni mkunga hodari, hilo sibishani. Akiingia zamu hata shuka zinajinyoosha. Chai yake tu ndiyo mbaya: sukari iliyotiwa maji kidogo.

Kosa lake lilikuwa kupima wamama kwa sauti. Sisi Wajaluo uchungu ukitushika Migori nzima inajua, kwa hivyo alitukimbilia. Mama Mkuria amefundishwa tangu usichana kwamba kulia ni aibu, basi anauma midomo. Sista akimwona kimya, anaamua huyo bado. Hakuwa na roho mbaya. Hata hakujua anafanya hivyo.

Mwaka wa 1991 akaja Nyangi, Mkuria, akaketi kwenye benchi, kimya. Wapiga kelele watatu wakamtangulia. Niliona vidole vyake vimeng'ang'ania ubao, nikamwita Sista. Akaniambia nishughulike na sakafu yangu. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye benchi, kamba ya kitovu imemzunguka shingo, amegeuka rangi. Sista akapiga magoti ndani ya maji yangu ya kupangusia, akaifungua, akampulizia hewa mpaka akalia. Nyangi hakulia. Sista ndiye aliyelia.

Mwingine angeandika kwamba mama alichelewa kusema. Yeye aliandika kwenye kitabu cha ripoti kwamba hakumpima, akakisoma mbele ya zamu yote. Tangu siku hiyo kila mama akifika anawekewa mkono tumboni kwanza, anayelia na asiyelia. Nami nikapewa kazi: nikiona Sista anamruka mtu, nigonge ndoo. Wiki ya kwanza niligonga mara nne, moja mbele ya daktari. Alininunia kila mara, na kila mara alirudi. Mwaka jana sikugonga hata mara moja.

Nyinyi manesi wadogo mnaocheka, ndoo bado ninayo.

Asante, Sista wetu. Nenda Kisii upumzike vizuri, ule ushibe, wajukuu wakusumbue. Hilo goti umelificha miaka miwili, lakini mimi naliona kila ukipanda ngazi. Huko nyumbani likiuma, piga kelele. Ukinyamaza, si kila mtu atakuja kukuwekea mkono.

Nyanya Turfena Akech, mfagiaji