Fundi Magodoro na Madirisha Yaliyofungwa

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Magodoro, alifika duniani alfajiri ya tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkewe. Akafuatwa na dada mmoja tu, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alilia kabla hajatoka vizuri, kama mtu anayedai hewa yake mapema.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu alizipenda, kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Ila pumzi alikuwa nayo! Siku moja kabla ya mechi, pampu ya mpira ilipotea, na mwalimu wa michezo akataka kuahirisha. Marehemu akaushika mpira, akaufunga mdomo wake kwenye kile kipira cha ndani, akapuliza mpaka ukadunda. Toka siku hiyo akaitwa Pampu. Jina hilo alipewa na mvulana aliyekaa naye dawati moja, na mvulana huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenzake wa kazi, kisha shemeji yake.

Kazi ya magodoro alijifunza kwa fundi mzee kuanzia mwaka 1978, na tarehe 1 Juni 1984 yeye na rafiki yake wakafungua duka lao. Mbele palikuwa na kaunta na magodoro yaliyosimamishwa ukutani; hapo alikaa rafiki yake, maana alikuwa na mdomo mtamu. Nyuma palikuwa na chumba chenye madirisha mawili ya mbao. Hapo alikaa marehemu na usufi wake. Usufi hupigwa kwa fimbo mbili mpaka uumuke, ndipo ujazwe kwenye kitambaa cha mistari na kushonwa kwa sindano ndefu. Nao ni mwepesi, hata mtu akipiga chafya unaruka. Kwa hiyo sheria ya duka lile ilikuwa moja: fimbo zikianza, madirisha yafungwe.

"Fungua tu, Pampu," rafiki yake alikuwa akimtania, "uone faida yetu inavyopaa kama malaika."

"Njoo basi ukae nayo humu ndani, uone kama utaimba."

Wakacheka. Na madirisha yakabaki yamefungwa, mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 2 Agosti 1986 alifunga ndoa na dada wa rafiki yake huyo. "Nimekupa dada, sasa wewe ni wangu mara mbili," shemeji alisema mbele ya wageni. Marehemu alimshonea bibi harusi godoro, akalifumua na kulijaza upya mara tatu kwa sababu alihisi donge ambalo hakuna mwingine aliyelihisi. Mungu akawajalia watoto watatu. Alikuwa baba asiyepaza sauti. Kanisani alikaa kiti cha nyuma, kwa sababu, alisema, nywele zake hazikosi usufi, na hakutaka watu wamcheke wakati wa sala.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2009. Kwanza cha asubuhi, halafu cha kutwa. Siku moja mteja aliyekuwa akilipapasa godoro kaunta akaurudisha mkono wake haraka. "Huyo anayekohoa huko nyuma ndiye aliyelishona hili?" Akaondoka. Toka siku hiyo marehemu, kikohozi kikimjia, alichukua mto alioujaza kwa mikono yake, akaukandamiza usoni, akakohoa humo. Alidhani anaokoa biashara. Kumbe kila akimaliza kukohoa alivuta pumzi ndefu, na pumzi ile ilipita ndani ya usufi.

Mwezi Juni 2012 alianguka juu ya kazi yake. Shemeji ndiye aliyempeleka hospitali, na kwa hilo tunamshukuru. Marehemu alilazwa akisaidiwa kwa hewa ya mtungi, hawezi kusema wala kusikia vizuri, kwa hiyo daktari alimweleza shemeji, wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje. Jioni shemeji akaja nyumbani.

"Kasemaje daktari, kaka?" mkewe marehemu akamuuliza.

"Aa, kifua tu. Uchovu. Kinachomsumbua ni hiki kikohozi, kikitulia naye atatulia." Akatoa chupa ya dawa mfukoni. "Kijiko kimoja kila jioni. Ikiisha nitaleta nyingine."

Na kweli alileta. Miaka mitano hakuchelewa hata mara moja. Kikohozi kikanyamaza, wateja wakarudi, na duka likapata kazi ya kushona magodoro ya bweni zima. Shemeji naye, kila akiingia chumba cha nyuma, alijifunga kitambaa kizito puani. Alisema ana mafua.

Mwezi Oktoba 2017 marehemu alishindwa kupanda ngazi za mlangoni kwake. Mkewe akampeleka hospitali ile ile, wakamkuta daktari yule yule. Akaitazama picha ya kifua muda mrefu.

"Bado unapiga usufi? Madirisha yamefungwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwani shemeji yako hakukuambia?"

Hapo mkewe akaomba aelezwe tangu mwanzo, naye daktari akaeleza taratibu. Akasema Mungu hakutuumba na kifua kisicho na walinzi. Puani kuna vinyweleo vinavyozuia takataka. Ndani ya njia ya hewa kuna ute unaonasa vumbi, na vinyweleo vingine vidogo mno vinavyousukuma ute ule kwenda juu, mchana na usiku, kama mtu anayefagia ngazi kuanzia chini. Kikohozi ndicho kinachoutupa nje. Vumbi likipenya mpaka chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, kuna askari wanaolimeza. "Lakini askari nao wana kiasi," alisema. "Ukiwaletea adui yule yule kila siku bila kuwapumzisha, wanachanganyikiwa, wanaanza kuipiga nyumba wanayoilinda. Mapafu yanabaki makovu. Ndiyo maana nilisema aache vumbi, madirisha yafunguliwe, na kikohozi kisizimwe. Nilimwambia yule bwana mara mbili."

Mkewe hakulia. Aliitazama mikono yake. "Nilimnywesha mimi," alisema. "Kila jioni, mkono wangu huu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ni ndugu yangu wa tumbo moja."

Marehemu akamshika mkono ule ule. "Wewe ulinipa dawa. Yeye ndiye aliyejua ni nini. Na hawa askari wangu pia wasilaumiwe, mama watoto, walipigana peke yao."

Aliishi miezi saba zaidi, akiwa amekaa kitandani, maana kulala chali kulimkaba. Shemeji alikuja mara moja, mwezi Aprili, marehemu akiwa amelazwa tena hospitali. Aliingia wodini na matunda, akasalimia, akaona pazia linapepea. Kabla hajakaa, akaenda akafunga dirisha. "Usije ukapata baridi, Pampu."

Marehemu akamgeukia. "Hata hapa, shemeji?"

Yule bwana akasimama na mkono wake kwenye komeo. Akaanza kulia. "Nilidhani wewe ni wa chuma. Nilidhani utahimili."

"Ulidhani, au ulijua?"

Shemeji akaliachia komeo. Matunda aliyaacha mezani, akaondoka, na dada wa marehemu ndiye aliyeinuka kulifungua dirisha. Marehemu akamwambia kwa pumzi fupi fupi: "Siku ya kunizika utasoma wewe. Usimtukane. Usimtoe kwenye watu wangu, maana ni wangu mara mbili, alisema mwenyewe. Ila usifunge dirisha. Sema kila kitu." Dada yake aliahidi, na ahadi kwa mtu anayekwenda ni deni mbele za Mungu.

Fundi Magodoro alituacha tarehe 9 Mei 2018, asubuhi, akiwa ameegemea bega la mkewe. Dirisha lilikuwa wazi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja. Ameacha pia fimbo mbili, sindano ndefu, na watu wengi katika mji huu wanaolala vizuri kwa sababu yake. Na ameacha shemeji mmoja, rafiki yake wa dawati moja, aliyejua.

Bwana aliyempulizia pumzi ya kwanza ampokee na ya mwisho. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayemfungia hewa.