Jina la Tipene

Basi la kupanda kilimani lilijaa kabla ya alfajiri, Juni hiyo, watu wakienda kuzitajia nyota za Matariki, yaani kilimia, majina ya marehemu wa mwaka. Dereva Rawiri alizima redio, maana mazungumzo ya abiria humnogea zaidi.

"Naenda kumtaja kaka yangu Tipene," kijana alimwambia bibi aliyeketi naye. "Mashua yake ina siku tisa haijaonekana."

"Mwili mmeuona?"

"Bado."

"Basi msimtaje. Juni iliyopita tulimtaja mume wangu, aliyepotea msituni. Tukampata kesho yake. Daktari akasema amekata roho alfajiri ileile tuliyomtaja."

"Nyota haziui mtu, bibi."

"Sikusema nyota, mwanangu. Nasema sisi."

Rawiri akasimamisha basi, akafungua mlango. Huko juu gizani sauti ya mwanamke ilikuwa ikiita, "Tipene, mwanangu, nenda salama."