Almasi ya Kwanza

Treni ilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Dada mwenye aproni ya saluni alimshikia mumewe simu mbele ya macho. "Umempa huyu mwanamke almasi! Kutoka shamba letu!"

Nilishtuka. Kumbe shamba lenyewe ni la mchezo wa simu, wanalilima pamoja kila jioni.

"Mke wangu, huyo ni mchezaji mwenzetu tu," mume akanong'ona. "Na ile ni nakala. Almasi moja ikikaa kwenye mashine, inazaa nyingine kila siku. Hainigharimu kitu."

Nikasema moyoni, bwana, hapo umejimaliza.

"Na ile uliyonichumbia nayo humo shambani? Mashine ilikuwepo?"

Mume aligeukia dirisha. "Ilikuwepo."

"Kwa hiyo na mimi nilipewa nakala."

"Lakini zinafanana, mama!"

"Ya kwanza iko wapi?"

"Imo ndani ya mashine. Nakala haizai. Tukiitoa ile, hatupati nyingine tena."

"Basi itoe," dada alisema, akamwekea simu kiganjani.

Treni ikasimama. Kidole gumba cha mume kilibaki hewani. Kituo kilikuwa changu, na sikushuka.