Shangazi wa Rafu Tupu

Tarehe thelathini Juni, duka letu la vitabu vya katuni linamuaga rasmi muuzaji wake mkuu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi usio na doa, ukiacha yale ya chai kwenye kaunta. Wateja wote humwita Shangazi, wakiwemo wanaomzidi mvi.

Alianza kwa kufungua maboksi stoo, lakini haikuchukua muda akahamishiwa mbele, kwani ilidhihirika kuwa ana kipaji cha kushughulika na watu. Inakumbukwa jinsi daktari wa meno wa jirani alivyozoea kusoma vitabu akiwa wima, kurasa chache kila siku, bila kununua hata kimoja. Shangazi hakumfukuza. Alimletea stuli, akaiweka ubavuni mwa kaunta mbele ya wateja wote, akamkaribisha kwa heshima zote. Daktari alinunua kitabu siku hiyohiyo, na hadi leo ni mteja wetu.

Mtihani mkubwa ulikuja pale msambazaji aliyekuwa akituletea karibu vitabu vyote alipofunga biashara. Hadithi zilikatika katikati, mashujaa wakabaki wananing'inia kwenye kingo za miamba. Wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye simu. Mwenye duka alitangaza kwamba rafu zisipojaa kabla ya mwaka kwisha, tutauza makava ya simu. Kwa wakati huo aliagiza vitabu vilivyobaki vigeuzwe nyuso mbele, kimoja kichukue nafasi ya kumi, ili mapengo yasionekane.

Shangazi alifanya kinyume. Alivikusanya vitabu upande mmoja, akaziacha rafu za dirishani wazi kabisa, akabandika karatasi: "Rafu hizi ni tupu kwa sababu msambazaji wetu amefunga. Mwenye cha kuweka, aingie." Mwenye duka alishika kichwa, akalalamika, "Shangazi, unaniumbua mchana kweupe!" Naye, bila kuacha kufuta vumbi, alimjibu kwamba wateja wana macho, na afadhali waambiwe ukweli kuliko kufanywa wajinga.

Waliotangulia kuingia walikuja kucheka. Kisha akaja mchora mabango wa mtaa wa pili, na michoro aliyokuwa ameificha chini ya kitanda, imeviringishwa ndani ya pazia. Wakafuata mwalimu wa hesabu, na dada wawili mapacha wanaochora huku wakigombana. Shangazi aliwatafutia kiwanda cha uchapaji, na rafu zikaanza kupata wenyeji.

Mambo hayakunyooka mara moja. Toleo la kwanza lilibanwa kurasa zikiwa zimechanganyika, hivyo jambazi akafa ukurasa wa pili, kisha akaendelea kuwatesa watu hadi mwisho. Shangazi aliwaomba wateja wazirudishe nakala, akang'oa pini kwa kisu cha siagi ili azipange kurasa upya, akicheka hadi machozi. Baadhi ya wateja walikataa katakata kurudisha zao, wakidai jambazi anatisha zaidi akiwa marehemu.

Haitakuwa haki kusema matatizo yamekwisha. Karatasi inazidi kupanda bei, na simu bado zinatunyang'anya wasomaji. Hata hivyo, rafu za dirishani zimejaa kazi za wachoraji wetu wenyewe, na makava ya simu hayajatajwa tena.

Wiki iliyopita, katika kikao cha wafanyakazi, ilipendekezwa tumkalishe mtu yeyote haraka kwenye kiti cha Shangazi, wateja wasije wakaona pengo. Tulitazamana, tukaangua kicheko. Badala yake tumebandika karatasi kwenye kiti hicho: "Kiti hiki ni kitupu kwa sababu Shangazi amestaafu. Anayekiweza, aingie."

Shangazi, pokea shukrani zetu za dhati. Tunakuombea afya njema na asubuhi ndefu zisizo na maboksi. Ukipita, karibu usome bila kununua. Stuli yako ipo palepale, ubavuni mwa kaunta.