Mzee Boila, Kaya ya Kumi

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Boila, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 katika nyumba namba kumi na saba, mtaa wa wafanyakazi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Nguo alizoanika asubuhi alizianua jioni zina masizi, akazifua tena bila kulalamika.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, akamaliza mwaka 1978. Hakuendelea, kwa kuwa baba yake, mpakia makaa, alikuwa ameanza kuugua kifua.

Mwaka 1981 aliajiriwa kituoni, na baadaye akawa mwangalizi wa boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Aliyokuwa akiisifia zaidi ni kazi ya kulaza moto: jioni anafunika makaa kwa majivu, asubuhi anayakuta yangali hai.

Tarehe 3 Februari 1990 alifunga ndoa na mhudumu wa zahanati, wakajaliwa watoto watatu. Mkewe alitangulia mwaka 2015.

Kituo kilifungwa mwaka 2019. Serikali ilileta mfuko wa kuwasaidia watu wa makaa. Anayetaka kuhama asaidiwe kuhama, anayebaki afundishwe umeme wa jua. Ila kaya zikipungua chini ya kumi, mitambo ya jua isingejengwa, na zahanati ingehamishwa. Watu wakafunga virago mmoja mmoja. Zikabaki kaya kumi, ya kumi ikiwa yake, mtu mmoja ndani.

Binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua. Akampigia simu.

"Baba, njoo ukae na sisi. Mjukuu atakujua kwa sauti tu?"

"Nikitoka mimi, mama, zinabaki tisa. Wajawazito wa huku waende wapi?"

"Haya, kaa na mtaa wako!" Binti akakata simu. Wiki tatu hawakusemezana. Siku hizo marehemu alifungulia redio kwa sauti kubwa. Masikio yake yalikuwa mazima. Alitaka tu nyumba isikike ina watu.

Tayari alikuwa ameingia darasa la umeme wa jua na miaka yake hamsini na saba. Paneli zilipofungwa juu ya zahanati, jioni ya kwanza alipanda ngazi na mablanketi yake mawili, akazifunika.

"Babu, unafanya nini huko juu?" mwalimu wake, binti mdogo tu, akashangaa.

"Nalaza moto, mwalimu. Kesho tuukute na joto."

"Huu haulazwi, babu! Shuka na mablanketi yako, utakufa na baridi bure!"

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka kuwashinda. Hakuwa na wa kumsimulia nyumbani, akampigia binti yake. Wakacheka wote wawili, na ugomvi ukaishia hapo.

Mwaka 2023 kifua kilimbana. Alilazwa mara tatu katika zahanati ileile, na mashine ya kumsaidia kupumua iliendeshwa na umeme wa paneli zile. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi. Binti yake alifika na mtoto saa sita.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano na majirani wa kaya tisa. Mjukuu wa mwisho alionana naye mara nne tu. Binti yake ameomba hili nalo lisomwe: Baba, tulikuhitaji kwetu, lakini ulifanya vyema kubaki.

Amani iwe nawe, Mzee Boila, katika pumziko lako.